Aliyeendesha Gari la Faraji

Jumamosi mchana stendi ya Tarime haina pa kukanyaga. Wapiga debe wa Sirari na wa Mugumu walikuwa wakimvuta mama mmoja, kila mtu na mkono wake, huku kuku wake wakilia ndani ya kapu. Spika ya duka la dawa za mifugo ilitangaza dawa ya kupe. Ndani ya duka la steshenari la Mzee Maftah, Mwantumu alisimama nyuma ya mashine ya fotokopi, akiomba foleni iishe.

Alivaa gauni refu la kijani na mtandio mweusi aliouteremsha mpaka karibu na nyusi, maana hakupenda kutazamwa. Shule aliiacha darasa la tano, mama yake alipoanza kuugua. Wazazi wote wawili walipokwisha kufariki, alikuja Tarime, mtaa wa Nkende, kwa baba yake mdogo, Mzee Maftah, aliyeishi nyuma ya duka hilo, akawekwa kwenye mashine. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, hata wateja walizoea kuinama ili wamsikie.

Kijana aliyeingia siku hiyo hakuinama. Alikuwa mrefu, shati la bluu limepigwa pasi vizuri, lakini suruali ilikuwa na madoa ya vanishi na vidole vyake vilinuka waya ulioungua.

"Dada, habari za kazi?"

"Nzuri."

"Nimeambiwa mna mashine iliyokufa."

Mwantumu akaitazama mashine iliyokuwa ikinguruma mbele yake. "Hii ni nzima."

"Nyingine. Ile iliyowekwa uani."

"Ipo. Unaitaka ya nini?"

"Siitaki yote. Nataka utumbo wake."

Mwantumu alicheka kabla hajajizuia, akafunika mdomo. Kijana akatoa mfukoni mkanda mwembamba wa mpira, wenye vijino kwa ndani. Vijino vingine vilikuwa vimekatika.

"Kama huu," alisema. "Nimezunguka mji mzima. Wenye spea za pikipiki wananicheka."

Foleni ilipopungua walikwenda uani. Kijana alianza kutafuta pa kuingiza bisibisi. Mwantumu akamsogeza kwa upole, akabonyeza sehemu mbili, na kifuniko cha mashine kikafunguka chenyewe. Mkanda ulikuwa ndani, pembeni, umejaa wino mkavu.

"Eh! Kumbe fundi ni wewe."

"Naifungua kila karatasi ikikwama."

Kijana akalinganisha vijino vya mkanda wake na vya ule wa mashine. Vilikaa sawasawa. Alitabasamu kama mtu aliyeona dhahabu.

"Ni wa gari," alisema.

"Gari gani lina mkanda mdogo kama bangili?"

"Gari langu. Njoo Jumapili ghalani ulione."

"Siendi penye watu."

"Basi nitalileta mimi. Lenyewe halina watu ndani."

Jina lake lilikuwa Faraji, mtoto wa seremala wa Mugumu. Kazi yake ilikuwa kusuka upya waya za mota zinazoendesha makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na popote palipotokea rashi, yaani popote dhahabu ilipozuka na watu wakakimbilia, Faraji aliitwa. Alikuwa amefanya kazi mgodini Matongo kwa miaka kadhaa. Huko mzungu mmoja wa kandarasi, alipokuwa anarudi kwao, aliwagawia mafundi magari yake madogo ya umeme ya kuendesha kwa rimoti. Tangu hapo vijana wachache wa Tarime walikuwa wakikutana kila Jumapili kwenye ghala la zamani la pamba pale Nkende. Walitandaza mipira ya maji sakafuni kuchora kona, wakashindana.

Jumatatu Faraji alileta gari dukani likiwa limefungwa kwenye kanga. Lilikuwa na urefu wa mkono, bodi nyekundu, chini jeusi na jembamba kama panga. Alivua bodi akamwonyesha Mwantumu. Mota ilikuwa katikati, betri upande wa pili, na mkanda wa fotokopi sasa ulipeleka nguvu mbele na nyuma, magurudumu yote manne yakazunguka.

"Na hii?" Mwantumu aliuliza, akigusa kidude cha mviringo kati ya magurudumu ya nyuma.

"Hiyo ni difu. Kwenye kona gurudumu la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Difu inayaruhusu yapishane. Ndani kuna mafuta. Ukiweka mazito, magurudumu yanashikana, hayapishani kirahisi. Ukiweka mepesi, kila moja linakwenda lake."

"Kama mke na mume."

"Inategemea mafuta gani umeweka," Faraji alisema, na Mwantumu akaona haya akainama kuokota skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

Ikawa kawaida yao. Jioni, duka likipoa, Faraji alikaa kwenye benchi la nje, Mwantumu kwenye kigoda, gari katikati yao. Mzee Maftah alikaa mlangoni na tasbihi yake, akijifanya hasikii. Mwantumu alijifunza kubadilisha gia ndogo ya mota, kukaza springi, kuelekeza magurudumu ya nyuma ndani kidogo. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vilifika mahali vidole vya Faraji havikufika.

"Mpenzi," Faraji alisema jioni moja, kwa mara ya kwanza, kana kwamba ni neno alilolitumia siku zote, "nishikie hapa."

Akashika. Jioni hiyo chai aliyompelekea ilikuwa na sukari mara mbili.

Siku moja alikubali kwenda ghalani. Alikaa karibu na mlango, juu ya gunia, akatazama. Vijana walikuwa wamenyunyiza maji ya sukari sakafuni ili matairi yashike, na sisimizi walikuwa wamekwisha pata habari. Magari yalipiga kelele kama nyuki. Gari la Faraji lilikuwa la aina yake. Alilikaza nyuma makusudi, akaweka mafuta mazito kwenye difu, hivyo kila akiachia moto kwenye kona, yaani akilegeza kidole kwenye rimoti, mkia ulichomoka, gari likageuka upande, kisha likaruka mbele. Watu walishangilia. Mikono ya Mwantumu, chini ya mtandio, ilikuwa ikisogea pamoja na gari.

Stanslaus, rafiki wa Faraji, mwenye sauti inayofika Sirari bila simu na anayemwita kila kijana mura, kwa Kikurya, alimwona.

"Mura, mchumba wako anataka rimoti!"

Faraji akacheka. "Huyu? Huyu ni wa skrubu. Ukimpa rimoti atafumba macho, tuje kulitoa gari ukutani kwa koleo."

Ghala zima lilicheka. Mwantumu naye alicheka, kwa sababu ndivyo walivyotarajia. Kisha akaficha mikono yake.

Haikupita muda, habari ikaja kwamba dhahabu imezuka upande wa Mbalibali. Faraji alifunga vifaa vyake. Kabla hajaondoka alimkabidhi Mwantumu gari.

"Likae kwako. Nikilala nijue kuna vitu viwili vyangu mahali pamoja."

"Mimi si kitu."

"Basi kitu kimoja na mtu mmoja."

Alipoondoka, stendi ilibaki na kelele ileile, lakini Mwantumu aliiona tupu. Jioni benchi la nje lilikaliwa na watu wengine, waliosubiri mabasi. Alikuwa hana rafiki wa kumwambia neno. Shangazi yake, aliyekaa nao, alisema msichana mkimya hana matatizo, na kila mtu nyumbani aliamini hivyo.

Siku ya tatu alilichukua gari, akaenda ghalani mchana wakati hakuna mtu. Mlango ulifungwa kwa waya tu. Aliwasha rimoti, akasogeza kidole, na gari likaruka, likazunguka mara mbili, likagonga ukuta. Mwantumu alitazama nyuma. Hakuna aliyecheka. Akaligeuza, akajaribu tena.

Gari la Faraji halikumtii. Kila kona mkia ulimkimbia. Alikaa chini sakafuni akafikiri kwa njia anayoijua. Kwenye fotokopi, mpira ukishakuwa mgumu karatasi huteleza, ukiwa laini huishika. Basi nyuma ya gari ilikuwa ngumu mno kwa mkono wake. Alifungua difu, akamwaga mafuta mazito, akaweka mepesi ya cherehani ya shangazi yake. Aliyaelekeza magurudumu ya nyuma ndani zaidi. Akabadilisha gia ya mota, akaweka ndogo zaidi, ili gari lisiondoke kwa pupa. Kila siku kitu kimoja, na kila siku gari lilikuja karibu naye kidogo.

"Haloo, mke wa gari," Faraji alipiga simu jioni moja. Nyuma yake makarasha yalikuwa yakitwanga.

"Mwenye gari hayupo," Mwantumu alijibu. Kwenye simu alikuwa jasiri kidogo. "Amekwenda kuoa dhahabu."

"Dhahabu yenyewe haijakubali posa. Gari linaendeleaje?"

Gari lilikuwa mapajani mwake, mota bado ya moto. "Limelala."

"Na wewe?"

"Mimi silali vizuri."

"Kwa nini, mpenzi?"

Mwantumu alitaka kusema: Nakaa ghalani peke yangu, naendesha gari lako, nafurahi, na nasikitika kwamba hunioni. Badala yake akazungusha gurudumu kwa kidole.

"Haloo? Mtandao au wewe?"

"Ni mimi," alisema. "Nipo."

Mchana mmoja, akiwa katikati ya kona, alisikia mtu akikohoa. Alikuwa Gasto, nesi wa kituo cha afya, aliyepangiwa kazi Tarime kutoka Bukoba. Naye alikuwa mshindani wa Jumapili. Alikuwa bado na sare nyeupe. Mwantumu aliiangusha rimoti.

"Nilikuwa najaribu mkanda tu."

"Mkanda umejaribiwa vya kutosha, dada. Nimesimama hapa muda mrefu." Gasto hakucheka. "Unaendesha vizuri. Mbona nyuma bado inarukaruka?"

Mwantumu alitazama sakafu. Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza, "Una springi laini?"

Gasto alikuwa nazo. Zilikuwa za njano, na ghala zima lilijua kwamba Gasto ndiye pekee mwenye springi za njano. Huyo aliendesha taratibu, gari lake laini nyuma, hakukosea kona hata moja, na mara nyingi alimaliza wa pili. Alimpa pea moja.

"Usimwambie Faraji," Mwantumu aliomba.

"Kwa nini? Atafurahi."

"Atacheka."

Gasto akamtazama, akaelewa. "Mgonjwa akisema nisiseme, sisemi."

Faraji alirudi bila taarifa, Jumapili asubuhi, akitaka kumshangaza Mwantumu. Hakumkuta nyumbani, alikuwa amekwenda msibani na shangazi yake. Mzee Maftah alimpa gari, akaahidi kutomwambia binti, na Faraji akaenda nalo moja kwa moja ghalani, akiwa na hamu ya kushindana baada ya majuma ya vumbi na mawe.

Kwenye kona ya kwanza aliachia moto akasubiri mkia uchomoke. Mkia haukuja. Gari lilikwenda moja kwa moja kwa adabu, likapanda mpira wa maji, likapinduka. Watu walicheka. Akaanza upya. Kona ya pili vilevile.

"Mura, dhahabu imekuharibu mkono!" Stanslaus alipaza sauti.

Faraji alilichukua gari akatoka nalo nje. Alibonyeza nyuma kwa kiganja. Laini. Akafungua. Springi za njano. Difu ina mafuta mepesi kama maji. Magurudumu yameelekezwa ndani. Gia ya taratibu. Pale ghalani, gari lilimtambulisha mtu kama mwendo wake barabarani. Faraji hakuhitaji kuambiwa ni mkono wa nani.

Akamfuata Gasto. "Springi zako zimefikaje kwenye gari langu?"

"Nilimpa Mwantumu. Aliziomba."

"Za nini?"

Gasto alisita. Ahadi ni ahadi. "Muulize yeye."

Kwa mtu mwenye wivu hilo ndilo jibu baya kuliko yote.

Jumatatu asubuhi Mwantumu alimwona Faraji akivuka barabara, moyo ukamruka kwa furaha. Alikuwa amevaa mtandio mpya wa rangi ya zambarau, bila sababu, na sasa sababu ilikuwa imekuja. Alitabasamu. Faraji hakutabasamu. Aliliweka gari juu ya mashine ya fotokopi, mbele ya wateja.

"Nani aliendesha gari langu?"

Mwalimu mmoja aliyekuwa anasubiri mitihani yake akaacha kusoma.

"Ni mimi niliyelifungua," Mwantumu alisema.

"Kulifungua najua unaweza, nilikufundisha mwenyewe. Sikuulizi aliyefungua. Nauliza aliyeendesha. Gari limewekwa kwa mkono wa mtu. Anaachia moto mapema, anaogopa mkia, anasubiri. Mimi si mtoto, Mwantumu. Gasto alikuwa anakuja hapa?"

"Hapana."

"Basi ulikuwa unampelekea."

Watu walikuwa wakimtazama. Mwantumu alisikia kicheko cha ghala, kile cha zamani, kikirudi masikioni. Alifungua mdomo. Kama angesema pale, mbele ya mwalimu na wateja wengine, kwamba ni yeye, wangecheka tena, na Faraji angecheka zaidi ya wote. Au asingeamini. Alifunga mdomo.

Faraji alingoja. Alimpa muda wa kutosha, na kila dakika ya ukimya ule aliihesabu kuwa jibu.

"Haya," alisema mwishowe. "Mpe Gasto hilo gari."

Akaondoka, gari likabaki juu ya mashine. Mwalimu alikohoa, akasogeza karatasi zake. "Nakala hamsini, binti. Samahani."

Faraji alirudi Mbalibali, na wiki zilizofuata zilikuwa ndefu. Mwantumu alipiga simu, ikaita mpaka ikakata. Alipiga tena, akajibiwa na ile sauti ya dada asiyejulikana, kwamba namba haipatikani. Aliandika ujumbe, akaufuta, maana maandishi yake yalikuwa na makosa na hakutaka aonekane mjinga juu ya mengine. Alifanya fotokopi za vyeti vya ndoa, vya kuzaliwa, vya vifo. Jioni alikaa kwenye kigoda chake karibu na benchi la watu wasiomjua. Mvua zilianza. Hakuna mtu aliyemwuliza ana nini, kwa kuwa hakuwahi kusema ana kitu.

Gasto alipita dukani. "Acha nimpigie nimweleze."

"Ukisema wewe, atasema tumepanga."

"Basi sema wewe."

"Hapokei."

"Hata akipokea, utasema?"

Mwantumu akaweka karatasi kwenye mashine.

Aliyeleta habari mbaya alikuwa Stanslaus, alipokuja kutoa nakala ya leseni. "Jamaa yako anahama. Mbalibali kumepoa, kuna rashi Chunya. Lori la makarasha linaondoka Jumatatu, linapita hapa mchana halafu ndiyo basi. Huko watu wakienda hawarudi, shemeji. Wanaoa hukohuko."

Mwantumu alishika ukingo wa mashine. Chunya aliijua kwa jina tu. Aliona kwamba akiendelea kunyamaza mpaka Jumatatu, atakuwa amenyamaza maisha yake yote.

"Stanslaus," alisema.

Stanslaus akainama. "Naam?"

"Jumapili nitakuja kuendesha."

Jumapili alivaa gauni la kitenge cha bluu na ule mtandio wa zambarau, akaufunga nyuma ya shingo ili usimzuie kuona. Alimuaga Mzee Maftah.

"Ghalani? Kwa wale wanaume?"

"Ndiyo, baba mdogo. Kuendesha gari."

Mzee aliweka tasbihi chini. Hakukumbuka lini binti huyu alimwambia anakokwenda kabla ya kuulizwa. "Nenda. Ila usiniletee sisimizi ndani ya nyumba."

Pale ghalani desturi ilikuwa kila dereva apande kwenye meza ndefu, apaze sauti "Tayari!" ndipo Stanslaus ashushe kitambaa. Wasioshindana walisimama kwenye kona kuinua magari yatakayopinduka. Gasto alishuka mezani akamwachia nafasi yake, akaenda kusimama konani. Mwantumu alipanda. Kelele za ghala zilikatika zote.

"Tayari!" "Tayari!" "Tayari!" "Tayari!"

"Tayari," Mwantumu alisema.

"Sijasikia," Stanslaus alisema. Hakuwa anamtania, kweli hakusikia.

Mwantumu alivuta pumzi. "Tayari!"

Sauti iligonga bati ikarudi. Kitambaa kikashuka.

Wakati huohuo, huko Mbalibali, Faraji alikuwa akifunga vifaa vyake kwenye gunia. Simu ikaita. Alikuwa Stanslaus. Alipanda juu ya lundo la mawe ili apate mtandao.

"Mura, gari lako liko sakafuni!"

"Nimekwisha sema, apewe Gasto. Sitaki habari zake."

"Sikiliza kwanza. Naweka simu juu ya meza."

Faraji alitaka kukata. Lakini sikio lake lilikuwa sikio la fundi, lililozoea kumwambia mota ipi inaumwa kabla haijafunguliwa, na mota ile aliijua. Aliisikia ikipanda, ikashuka mapema kabla ya kona, ikatulia, kisha ikapanda tena polepole, gari likiwa limekwisha nyooka. Hakukuwa na pupa ndani yake. Ilipanda, ikashuka, ikapanda. Mara kishindo, kimya, mtu amelipindua. Likainuliwa, likaendelea bila hasira, kana kwamba hakuna kilichotokea. Faraji alisimama juu ya mawe huku upepo ukimpiga vumbi, akasikiliza mpaka mwisho.

"Amemaliza wa ngapi?" aliuliza Stanslaus alipochukua simu.

"Wa nne. Kati ya watano."

"Mwambie Gasto amezeeka."

"Gasto yuko konani, mura. Ndiye aliyeliinua lilipopinduka. Namwona hapa, hana rimoti."

Faraji alibana simu sikioni. "Basi nani?"

"Shika, ongea naye mwenyewe."

Simu ilipita mkononi. Faraji alisikia mtu akihema.

"Ni mimi," Mwantumu alisema.

"Wewe?"

"Springi niliziomba mimi. Mafuta ya cherehani ni ya shangazi. Ulipokuwa Mbalibali nilikuwa naendesha peke yangu. Kila siku."

"Mwantumu! Kwa nini hukuniambia?"

"Ulicheka."

"Lini nilicheka?"

"Hukumbuki," alisema. "Mimi nakumbuka."

"Mpenzi, ngoja..."

Mwantumu akakata simu. Akamrudishia Stanslaus, akashuka mezani, na alipofika nje, nyuma ya ghala ambako hakuna mtu, akalia mpaka mtandio ukalowa.

Faraji hakungoja lori. Jumatatu asubuhi na mapema alidandia gari la magazeti, na Mwantumu alipofungua duka alimkuta amekaa kwenye benchi la nje, nywele nyekundu kwa vumbi.

"Leo sikuulizi habari za kazi, dada," alisema, akijaribu utani, lakini sauti haikumsaidia. "Nimekuja kuomba msamaha."

Mwantumu aliendelea kufungua kufuli.

"Nilidhani nakujua," Faraji alisema. "Nilibonyeza gari nikaona mkono wa mtu, nikawawaza wote ninaowajua. Wewe sikukuwaza hata kidogo. Hilo ndilo limenikosesha usingizi. Si kwamba nilikukasirikia. Ni kwamba sikukuwaza."

Mwantumu alisimama na kufuli mkononi. Hilo hakulitegemea. "Lori linapita saa ngapi?"

"Mchana. Vifaa vyangu vyote vimo ndani. Lazima niende, nimechukua kazi ya watu. Lakini nikienda hivi, nitakuwa nimekwenda moja kwa moja." Alifuta uso kwa mkono, vumbi likawa tope. "Mzee yupo?"

"Yupo ndani, anakunywa chai. Wa nini?"

"Nataka kumwona. Nikiruhusiwa na wewe."

Mwantumu aliyatazama yale macho mekundu. Akasogea pembeni ya mlango.

Faraji aliingia, mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa. Mwantumu akawasha mashine. Wateja walikuja, akawahudumia. Mtu mmoja alitaka nakala mbili akapewa nane. Kutoka ndani hakusikia kitu ila kikombe kikigonga sahani, na mara moja Mzee Maftah akicheka.

"Mwantumu! Njoo."

Alikwenda, akasimama mlangoni, macho chini. Faraji alikuwa amekaa kwenye mkeka, mikono juu ya magoti. Shangazi alikuwa amekuja na ndoo mkononi, amesahau kuiweka chini.

"Binti yangu," Mzee Maftah alisema, "kijana huyu anataka kukuoa. Anasema wazazi wake watakuja kutoka Mugumu, yeye akimaliza kazi ya watu huko Chunya. Mimi ndiye walii wako, msimamizi wa ndoa yako, lakini siwezi kukuoza kwa asiyetakiwa na wewe. Unasemaje?"

Mwantumu hakusema. Nje mpiga debe alikuwa akiita abiria wa Musoma.

Mzee Maftah akatabasamu, akasogeza tasbihi. "Mwali akiona haya akanyamaza, dini inatuambia amekubali. Basi, Alhamdulillah, tumepata..."

"Hapana, baba mdogo," Mwantumu alisema.

Shangazi aliiachia ndoo. Faraji akainua uso, umepauka.

"Sisemi simtaki. Nasema usichukue kunyamaza kwangu." Sauti yake ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Niliwahi kunyamaza mtu akajichagulia jibu. Safari hii nasema mwenyewe." Alimtazama Faraji, si baba yake mdogo. "Nakubali. Na huko Chunya, watu wakikuambia jambo lolote juu yangu, au ukiliona kwa macho yako, unipigie mimi. Uniulize mimi. Halafu ungoje, hata nikichelewa kujibu."

"Nitangoja," Faraji alisema.

Mchana lori lilisimama mbele ya stendi, limebeba makarasha na wanaume waliokaa juu ya magunia. Faraji alipanda nyuma. Hawakushikana mikono, watu walikuwa wengi. Lori lilipoanza kusogea, Mwantumu alifanya kitu ambacho stendi ya Tarime haikuwahi kumwona akifanya. Aliita kwa nguvu, juu ya sauti za wapiga debe na za spika.

"Faraji! Safari njema!"

Wapiga debe wakageuka. Faraji alisimama katikati ya magunia akampungia, mpaka lori likakata kona ya barabara ya Musoma, vumbi likabaki peke yake. Mwantumu alisimama pale kidogo, mpweke kama zamani, akasikia koo lake likimuuma kwa kupiga kelele. Kisha mteja akamwita, naye akarudi ndani.